Mama wa stesheneri kagoma kuprinti hadithi yangu

Leo nimetoka jasho Lushoto, na baridi yote hii!

Nimepeleka hadithi yangu ya kutisha ikaprintiwe. Ni ya wanawake wawili wachuma chai, wapenzi, wanaowindwa na mzuka kwenye ukungu; mmoja nimempa jina Mwanaidi. Nilidhani mama mwenye duka atabonyeza tu.

Kumbe anasoma!

Kafika ukurasa wa mwisho, kavua miwani.

"Umeandika wewe?"

"Shikamoo mama." (Nilishamwamkia tangu naingia. Woga, jamani!)

"Hawa mabinti wanapendana kweli?"

Foleni nzima ikanigeukia. Mguu wangu mmoja ushafika mlangoni. Nyie mngekimbia, semeni ukweli?

Nikasema, "Ndiyo, mama. Wanapendana."

"Sasa mbona umewaua? Wamepambana na mzuka kurasa tisa, halafu wafe? Wakipendana hivi ndiyo lazima wafe? Siprinti. Kaa hapa urekebishe."

Nikakaa kwenye kiti chake, kwenye kompyuta yake, nikawafufua wote wawili. Aliyezikwa ni mzuka.

Akaprinti nakala mbili. Yangu akanipa. Ya pili akaikunja, akaitia kwenye pochi yake.

"Hii nakwenda kumsomea mwenzangu nyumbani. Naye anaitwa Mwanaidi."