Alama Namba Saba Ilipotembea

Mwanamke waliyemwita Mama Alama hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Alianza na mitumba, akahamia kushona maturubai ya malori, na siku mpima ramani mmoja alipomletea kazi ya kushona vipande vya mraba, vyeusi kwa vyeupe, alimuuliza ni vya nini kabla hajakata hata uzi. Akaambiwa: unavitandika chini, unapima kwa mtambo wa setilaiti kila kimoja kilipo, halafu droni inapita juu ikipiga picha. Vipande hivyo ndivyo vinavyoishikilia ramani isiyumbe. Mpima akaondoka na mzigo wake. Mama Alama akabaki na biashara mpya kichwani.

Miaka ikapita, akawa na mtambo wake mwenyewe na droni iliyorushwa na binti wa kaka yake, msichana mwenye macho makali na mdomo mkali zaidi. Shangazi alitandika na kupima, binti akarusha. Sheria yao ilikuwa moja: alama ikishapimwa haiguswi mpaka droni itue. Siku moja Mama Alama alimtimua padri kwa sababu alikanyaga turubai, na hakumwomba radhi.

Siku ya kisa hiki walikuwa kwenye machimbo ya kokoto. Ukuta wa mwamba ulikuwa umetobolewa mashimo na kushindiliwa baruti, na wenye machimbo walitaka ramani ya kabla ya mlipuko, wajue baadaye ni jiwe kiasi gani limeng'oka. Mvua ilikuwa inanukia. Fundi baruti, mzee mpole mwenye tabia ya kutafuna njiti ya kiberiti, alitaka kuiwahi.

"Droni ikimaliza tu, nalipua," alisema. "Chini kuna mtu?"

"Angalia ubao wako," Mama Alama akamjibu.

Ubao ulikuwa getini. Kila anayeshuka hutundika kibati chenye namba yake, akipanda hukitoa. Ulikuwa mtupu. Kibati cha Mama Alama alikuwa nacho mfukoni.

Kisha upepo ukavuma, na kutoka ukingoni akaona kona ya turubai namba saba, kule chini ya ukuta, ikijikunja. Alama iliyojikunja haisomeki, na droni ilikuwa bado haijafika upande ule. Kuzungukia getini ni mwendo mrefu. Akateremka kwa njia ya panya iliyo kando ya ukuta, kibati chake kikiwa bado mfukoni. Simu alikuwa amemwachia binti, inampa mtandao. Kiunoni alikuwa na redio ya mkononi, iliyokwishatumika, aliyoipata baada ya kumchosha muuzaji mchana kutwa.

Alikunjua kona, akaikandamiza kwa jiwe. Hapo king'ora kikalia.

Mlio wa kwanza maana yake tokeni. Wa pili, barabara imefungwa. Wa tatu, droni ikishamaliza, ni wa kulipua.

Akabonyeza redio. "Niko chini. Namba saba, niko chini." Redio ikakwaruza, kitaa chake kikafifia, ikazima. Akaibonyeza tena na tena kama mtu anayemkaba kuku aliyekwishakufa. Akapiga kelele; mashine ya kusaga kokoto ikazimeza zote.

Akatafuta pa kukimbilia. Njia ya panya inapandia juu ya baruti yenyewe. Barabara ya malori inapita mguuni mwa ukuta mwanzo hadi mwisho. Nyuma yake kulikuwa na bwawa la maji machafu, na kuogelea hakujua. Alijaribu kusali, lakini kila dua aliyoishika ilimkatikia katikati.

Droni ikapita juu. Akarusha mikono. Ikaenda zake.

Alijua kwa nini. Mara ngapi amejitafuta kwenye picha zile asijione? Mtu kutoka kule juu ni punje, na yeye kizibao chake kilishageuka rangi ya vumbi. Kilichoonekana kutoka juu kilikuwa kitu kimoja tu, tena alikishona mwenyewe.

Hata hivyo mkono uligoma. Alisimama juu ya lile turubai, kifo kikiwa ukutani, akiwaza kwamba akiling'oa kazi yote itaharibika. Mlio wa pili ukamgutua. Akayapiga mawe teke, akalinyanyua turubai juu ya kichwa na kuanza kutembea kuelekea peupe, kati ya ukuta na bwawa, upepo ukimvuta huku na huku kama mlevi.

Droni ikageuka kwenye mstari uliofuata. Ikaja. Ikampita, haikupunguza hata mwendo. Mama Alama akaendelea kutembea kwa kuwa kusimama kulimtisha zaidi.

Halafu ule mvumo ukabadilika. Droni ilikuwa imesimama hewani. Ikarudi, ikashuka chini kabisa mpaka akauhisi upepo wake usoni, na ikabaki pale. Mlio wa tatu haukuja.

Fundi baruti mwenyewe ndiye aliyemfuata. Njiti haikuwepo mdomoni. "Mama, kidole kilikuwa..."

"Usiniambie kilikuwa wapi."

Juu, binti alikuwa bado ameng'ang'ania rimoti, midomo imepauka. "Nilitaka kutukana, shangazi. Nikasema, mwendawazimu gani huyu anatembeza namba saba yetu?"

"Ungetukana tu."

"Nitakutukana nyumbani. Hapa kuna watu."

Mama Alama alikwenda kwenye ubao, akatundika kibati chake, akakitoa, akakitundika tena. Akamwambia fundi kazi itarudiwa kesho, mvua inyeshe isinyeshe.

Jioni aliingia kwenye duka la redio. Muuzaji alipomwona alijiinamia, akijua kinachomngoja. Akataja bei ya redio mpya, tena ameipandisha ili apate pa kushukia. Mama Alama akafungua pochi.

Muuzaji akamkodolea macho. "Mama Alama, unaumwa?"

"Naumwa," alisema. "Weka na betri ya akiba."