Jina la Kitabuni

Jina la binti yangu nililitoa kwenye kitabu. Sitaliandika hapa, ni lake. Kilikuwa kitabu kisicho na jalada, nilikinunua kwa wauza mitumba Kitale nikiwa na mimba ya miezi saba, nikakisoma kwenye kibaraza chetu pale mtaani Matisi, miguu imevimba. Ndani yake msichana wa nchi isiyokuwepo alilinda kivuko kwa mkuki, akaja kufa mzee, kitandani mwake. Mwanamke kufa mzee kitandani mwake! Nikasema, jina ndilo hili. Siku hizi wasomaji wa vitabu hivyo wameongezeka na nimeshasikia wasichana wengine wawili wakiitwa hivyo, lakini wakati ule alikuwa peke yake.

Mume wangu alilicheka, akalikubali. Kitale alikuwa mpole. Dume lililokuwa ndani yake lilitoka tulipompeleka mtoto kwao Bungoma, akiwa na wiki sita.

Kwao mtoto hurithi jina la marehemu wa ukoo. Akilia sana, husemwa kuna marehemu anayetaka kuitwa. Basi nyanya humpakata na kutaja majina, moja moja, mpaka anyamaze. Wangu alilia tangu asubuhi. Mimi nilijua ni tumbo tu, lakini nani angenisikiliza? Mama mkwe akampakata jikoni, jamaa wa kike wamejaa mlangoni.

"Analia kwa sababu amenyimwa jina," akasema. "Mtu anaitwa mtu. Hakuna mtu anaitwa kitabu."

Akataja nyanya zake, akataja shangazi zake. Kilio kikaendelea. Kisha, kwa sauti ya chini, akamtaja binti yake mwenyewe, dada ya mume wangu. Mtoto akanyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele.

Wifi yangu huyo alikuwa ameuawa na mumewe miaka mitatu kabla. Alimpiga kwa mpini wa jembe kwa sababu uji ulipoa. Nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Taya lake halikukubali kufungwa.

"Hapana," nikasema mbele ya wote. "Mwanangu hataitwa hivyo. Jina hilo litamletea kifo kile."

Mume wangu akanishika mkono, akanivuta hadi uani.

"Unakataa dada yangu juu ya kitabu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, bana!"

Kofi la kwanza liliniangusha kwenye magunzi ya mahindi. Teke likaniingia mbavuni, nikasikia kitu kikikatika ndani. Akavua mshipi. Kishikizo chake cha chuma kikanipasua juu ya jicho, damu ikaniziba.

"Mtoto anaitwa nani?"

Nikataja jina la kitabuni. Akapiga. Akauliza tena, nikalitaja tena, mdomo umejaa damu. Sijisifu. Sikuwa jasiri, nilikuwa na hasira tu, na nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Wanawake walisimama mlangoni wakitazama, mmoja amempakata mwanangu.

Ndipo mama mkwe akatoka jikoni na mchi wa kutwangia. Nikajua anakuja kunimaliza, nikajikunja na kufunika kichwa.

Mchi ulitua kwenye kiwiko cha mwanawe. Mfupa ulilia kama bua kavu. Mshipi ukaanguka. Akampiga tena begani, akampiga mgongoni, mpaka mwanawe akapiga magoti.

"Mama! Mama, si ni mimi!"

"Najua ni wewe," akasema, akihema. "Yule mwingine sikumfikia."

Akautupa mchi. Akamchukua mtoto, ambaye alikuwa ameanza kulia tena, akaniwekea kifuani pale pale chini. Hakutaja jina lolote.

"Rudi naye Kitale, mama. Mwite vile ulimwita. Msichana wangu msimwamshe. Alipigwa, ikatosha."