Mwewe Aambulia Patupu kwa Tekla Kalinga

Saa moja asubuhi, ukungu wa Mufindi unaanza kuachia, na Tekla Kalinga amesimama nyuma ya jiko lake, shingo juu. Huu ndio wakati wa mwewe. Ukungu ukitoka tu, naye huyo.

Anatokea upande wa mashamba ya chai, anazunguka mara mbili juu ya ua. Tetea anatoa sauti moja ya chini. Vifaranga wanalala kwenye majani makavu, kimya. Mwewe anazunguka tena, kisha anakwenda zake kuelekea Nyololo.

"Umewaona wangapi?" Tekla anamwuliza mwandishi.

Mwandishi anajibu kwa majivuno kuwa wanne. Tekla anacheka mpaka anashika kiuno. Wapo kumi na mmoja, na mmoja nusura akanyagwe na kiatu cha mwandishi.

Ni Agosti 1978. Tekla, mjane wa miaka arobaini na miwili na mchuma chai, ana miaka minne akizalisha kuku wa rangi ya kware, kahawia na kijivu chenye madoa, rangi ileile ya majani ya kiangazi. Mwaka huu kazi yote hiyo nusura iishie sufuriani.

Kijiji hiki kilianza 1974. Vichaka vilifyekwa, nyumba zikapangwa kwa mistari, na vifaranga wakabaki peupe.

"Mwaka ule nilitotolesha vifaranga thelathini na mmoja, nikabakiwa na watatu," anasema. "Unaangalia hivihivi, mali inapaa. Nililia."

Aliyemfungua macho ni tetea mmoja wa madoa. Huku kuku mweupe ndiye wa heshima: hupelekwa kwa wakwe, kwa mchungaji, kwa mgeni. Kwa hiyo weupe ndio walioachwa wazaane, na wa madoa wakaliwa kwanza. Tetea huyo alitoroka siku ya kuchinjwa. Tekla alimtafuta siku tatu, kumbe ameatamia kwenye rundo la mabua, hatua mbili kutoka mlango wa jiko.

"Nikajiuliza, mimi mchuma chai, macho yangu yanabagua jani na jani, sijamwona. Mwewe atamwonaje? Ndipo nikaelewa. Miaka yote tulikuwa tunamchagulia mwewe."

Tangu hapo, vifaranga wakishaota manyoya, Tekla huwaachia majanini, hurudi nyuma hatua ishirini, kisha hugeuka ghafla. Atakaowaona kwanza huwafunga uzi mguuni. Hao ni wa kitoweo. Wa mwisho kuonekana ndio wa mbegu.

Mama mkwe wake, Bibi Leokadia, hakupendezwa hata kidogo. "Nilimwambia, mwanangu, unatutia aibu. Mkwe hapewi jogoo wa madoa," anasema huku akichochea moto. "Nikasusa chakula chake mwezi mzima."

Februari mwaka huu kamati ya kijiji iliamua majogoo wote wa kienyeji wachinjwe, wabaki weupe wa kisasa walioletwa kutoka mjini. Tekla alikuwa na jogoo mmoja tu wa mbegu. Akichinjwa huyo, miaka minne imekwenda na maji.

"Nilisimama mkutanoni," anakumbuka. "Nikasema, niachieni jogoo wangu kiangazi kimoja. Nikishindwa, nitamchinja mwenyewe na kuwapikia."

Bwana mifugo, Eliezeri, alikubali. Mwezi Mei alihesabu vifaranga hamsini na wawili wa majogoo weupe, na arobaini wa Tekla. Wiki iliyopita alirudi na daftari lake. Wa majogoo weupe walikuwa wamebaki sita. Kwa Tekla alihesabu kumi na tisa, akaanza kumpa pole kwa waliopotea.

Tekla alichota mtama akaumwaga, na majani yakaanza kutembea. Walikuwa thelathini na watatu.

"Nilikuja kufundisha, nikaondoka mwanafunzi," anakiri Eliezeri. "Weupe hutaga sana, lakini wanataka banda. Hapa nani ana banda?"

Kamati imefuta uamuzi wake, na kaya kumi na nne zimeomba mayai ya kuatamisha. Tekla anasema siku hiyo alilia tena, safari hii kwa furaha.

Sasa anataka kumpelekea mbegu rafiki yake Nyamizi, aliyehamia bonde la Usangu. "Ila achague upya. Majani ya kule si haya."

Kabla ya hapo kuna harusi. Oktoba binti yake Paskalina anaolewa Iringa mjini, na Bibi Leokadia alikwisha kutafuta jogoo mweupe wa kupeleka ukweni. Juzi ikaja barua: wakwe wamesikia habari, wanaomba jogoo wa madoa, tena akiwa hai.

Bibi Leokadia amesema atamchagua mwenyewe. Hivi sasa yuko nyuma ya jiko, kiganja juu ya macho, anaangaza huku na huku.

"Tekla, hebu njoo. Huyo jogoo yuko wapi?"

"Usirudi nyuma, mama," Tekla anamjibu. "Utamkanyaga."