Nyumba Iliyokaa Juu ya Mapira ya Hewa

Mimi si mtu wa kuandika. Nilisoma chuoni, cha Kurani, mpaka nikahitimu juzuu zangu, na skuli nilikwenda kidogo sana, siku nyingine nikitoka nyumbani na siku nyingine nikiishia Darajani kutazama watu. Kwa hiyo ukiona maneno yanakwenda upande, nivumilie. Lakini hili la nyumba iliyokuwa ikipanda na kushuka lazima nilitoe, kwa sababu mpaka leo sijalifahamu sawasawa, na labda nikiliandika litakaa.

Nyumba yetu iko shambani Al Qabil, huku Omani tulikohamia kutoka Unguja, katikati ya mitende. Mvua moja ilinyesha, si ya mzaha, paa la vyumba vya nyuma likaingia ndani. Mwanangu wa kiume anafanya kazi Maskati, ofisini, kazi ambayo hunieleza kila Idi na kila Idi nikaisahau. Akaja, akatazama, akasema, "Baba, yalla, twendeni kwangu mpaka nyumba ikwishe."

Nikamwambia siendi.

Sasa hapa lazima niseme kwa nini, maana bila ya hivyo mengine hutayaelewa. Mimi nina kaka yangu Nizwa. Alikuwa na shamba lake, ng'ombe wake, mdomo wake mkubwa. Akaanza kusahau. Mara kaacha moto, mara kamwita mkewe kwa jina la mama yetu. Watoto wake, Mungu awape kheri, wamemtunza, wamempeleka kwenye nyumba yao mpya ya ghorofa, wamemwekea kiti barazani juu. Nikenda kumtazama huniuliza, "We, unaijua njia ya kurudi kwetu?" Ninamwambia kwetu wapi, Unguja au shambani? Anafikiri, kisha anasema, "Hata moja itatosha." Basi tangu siku hiyo nikajiambia, mimi ghorofani hawanipandishi ila wanibebe.

Mke wangu naye alikuwa na nia ile ile, ila yeye hasemi. Yeye ukimwambia Maskati huanza kukoroga chungu hata kama hakina kitu.

Mwanangu akaona basi. Alikuwa amenunua nyumba ya kukokotwa, ya kwendea mchangani, jangwa la Bidiyah, na rafiki zake, kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa Sur akirejea kwao. Si ile karavani ndogo ya kufungwa nyuma ya gari. Hii kubwa, ina shingo. Shingo yenyewe hupanda ikakaa juu ya mgongo wa pikapu, palepale panapowekwa mizigo, na ndani ya shingo ndimo kilimo kitanda, unakipandia kwa vidaraja. Jiko liko nyuma kabisa, na kochi. Akaivuta mpaka shambani, akaisimamisha karibu na nyumba, mbele akaiteremshia miguu ya chuma, akachomoa pikapu yake. Umeme akauvuta kwa waya kutoka nyumba kuu.

"Hii, baba, nzuri sana," akasema. Kiswahili chake ndicho hicho, amezaliwa hapa, tumsamehe. "Haina springi. Inakaa juu ya hewa. Mapira makubwa, ndani yake hewa. Barabara mbovu, wewe unakunywa kahawa, haimwagiki."

Nikachungulia chini. Kweli, penye magurudumu, pale ambapo lori zetu zote nilizowahi kupanda huwa na vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja, palikuwa na mapira meusi, manene, kama mito ya kuegemea. Nikamuuliza, hewa inabeba nyumba? Friji, kitanda, mimi na mama yako? Akasema ndiyo. Nikalibonyeza moja kwa kidole.

Akatuachia kwa sharti. "Mkiwa wazima, kaeni. Nikisikia mmoja ameanguka au amechanganyikiwa, khalas, basi, nakuja kuchukua."

Siku za mwanzo tulikaa kama maharusi. Kisha mimi nikaanza kuharibika.

Ilianza na ngazi. Nyumba ile ina vidaraja vya chuma vinavyoning'inia mlangoni. Alfajiri natoka kwenda msikitini, nashusha mguu, naona ardhi imenifuata juu. Mguu unafika kabla sijautuma, meno yanagongana. Nikasema usingizi huo. Narudi msikitini jua limechomoza, nainua mguu kupanda, ugoko unagonga chuma. Daraja liko juu. Nikalitazama, nalo likanitazama. Kesho yake vilevile. Asubuhi ardhi karibu, nikirudi daraja mbali. Nikajiuliza, hivi ninapoingia msikitini mtu mrefu natoka mfupi?

Na kitanda. Nalala vizuri, naamka nimeteremka, miguu imebana ubao wa mwisho na kichwa kimeacha mto. Mke wangu akanigombeza, "Unaniburura na shuka, we mzee, unakwenda wapi kila siku?" Nikasema naota. Sikuwa ninaota.

Kwa nini sikumwambia? Kwa sababu kaka yangu naye alianza hivyo hivyo. Kwanza alisema mlango umehamishwa.

Basi nikawa najipima. Nikienda msikitini nazitaja njia za mjini Unguja kimoyomoyo, kutoka Malindi mpaka Darajani, nani alikuwa na duka la kahawa wapi, nani aliuza urojo, nani alikuwa na mbwa. Nazitaja zote, hainipotei hata moja. Nafurahi. Narudi, nagonga ugoko. Sasa akili gani hii, inayokumbuka mbwa wa utotoni na haijui mlango wa nyumba uko wapi?

Nikajipeleka hospitali Ibra, kimya kimya, nikisema nakwenda kununua mbolea. Daktari akanipima presha, akanitia taa machoni, akaniuliza leo siku gani, tuko mji gani, akaniambia nitembee mstari mmoja. Nikatembea kama askari. Akasema, "Mzee, wewe mzima kuliko mimi." Ningefurahi, lakini nilirudi nimekanganyika zaidi. Mgonjwa anayeambiwa ni mgonjwa angalau anajua pa kukaa. Na mbolea nikasahau kununua, ikabidi nitunge uongo mwingine.

Kisha nikaanguka. Asubuhi moja narudi, natafuta daraja kwa mguu kama kipofu, sikulipata, nikaenda chini mzima mzima. Hapakuvunjika kitu, ila pua ikachubuka. Nikamwambia mke wangu nimejikwaa kwenye kuti. Akanifuta pua kwa ncha ya kanga. Mwanangu akapiga simu ya picha mchana huo huo, akaiona pua.

"Umeanguka?"

"Kuti."

"Baba, Alkhamisi nakuja. Pangeni nguo."

Nikasema ndiyo haya sasa. Kiti cha barazani kimeshawekwa.

Alkhamisi alaasiri akaja, shikamoo baba, shikamoo mama, marhaba, marhaba, na masanduku matupu mawili mkononi. Mke wangu akapanga nguo. Mimi nikazunguka mitende nikaiaga mmoja mmoja, nikijifanya naikagua. Mwanangu akasema atalala kwenye kochi, tuondoke asubuhi baada ya chai.

Alfajiri akawa wa kwanza kutoka nje. Mimi niko kwenye vidaraja vya ndani natafuta kofia. Nikasikia mlango unafunguliwa, kisha kishindo, kisha mwanangu anapiga kelele kwa Kiarabu maneno ambayo sikumfundisha mimi.

"Hii ngazi! Jana haikuwa hapa!"

Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, uso unang'aa kama siku ya Idi. "Na wewe, mwanangu? Na wewe umeiona? Alhamdulillahi! Alhamdulillahi rabbil-alamin!"

"Mama, mguu wangu umeumia, unashukuru nini?"

"Nashukuru kwa kuwa si mimi!"

Ndipo akamwaga yote. Kumbe mwanamke huyu alikuwa akiumwa ugonjwa wangu, naye akiuficha kama nilivyouficha mimi. Alikuwa akimimina mkate wa kumimina alfajiri, ukitoka umenenepa upande mmoja na mwingine mwembamba kama karatasi. Maisha yake yote mkate wake haujawahi kwenda upande. Akasema macho yamekwisha, au mkono, au kichwa. Mama yake alikufa hamjui mtu, na yeye akaona zamu yake imefika. Akawa anakata mkate kabla sijarudi, ananipa vipande vinene, anakula vile vyembamba ili nisione. Na birika alikuwa akilikunjia kanga chini, limkalie sawa.

"Ndimu zilikuwa zinanikimbia," akasema, sauti imeshuka. "Naziweka mezani, zinakwenda ukutani. Nikasema labda mimi ndiye ninayezisukuma na sijijui."

Nikamwambia, "Mimi ardhi ilikuwa inanipandia."

"Ndiyo kuti lenyewe?"

"Ndiyo kuti."

"Mungu akulaani na kuti lako! Nilikuwa namwogopa nani siku zote hizi? Si wewe mwenyewe, usije ukamwambia mwanangu nimekwisha?"

Mwanangu amekaa kwenye daraja, anatutazama huyu na huyu, mguu mmoja ameushika. Kisha akauliza swali ambalo sikuliona linahusiana na lolote.

"Nani anazima umeme?"

Mimi, nikasema. Nikilala nazima swichi kubwa kule nyumba kuu, ndivyo baba yangu alivyotulea, moto na taa havilali na watu. Baridi hii hatuhitaji kiyoyozi, na friji linavumilia.

"Na nani anawasha?"

Mke wangu. Akitoka kuchota maji, mimi nipo msikitini.

Akajipiga paji la uso. Akaingia chini ya ile nyumba na taa ya simu, akatoka vumbi tupu, akatueleza. Pira moja linavuja. Kuna mashine ndogo ndani inajaza hewa yenyewe, mchana kutwa inajaza na pira linavuja, inajaza na linavuja, wala hujui. Nikasema ile sauti, ngurrr, mimi nilidhani friji. Betri yake ya akiba imekufa. Kwa hiyo mimi nikizima umeme, mashine inalala, hewa inatoka pole pole, nyuma yote inashuka. Mbele haishuki kwa kuwa imesimama juu ya miguu ya chuma. Mke wangu akiwasha alfajiri, nyumba inaanza kupanda, hata nikirudi mimi imeshafika juu.

"Kwa hiyo kila siku tunalala juu ya mlima," nikasema.

"Yaani, mlima kidogo."

"Na hewa inatubeba."

"Hewa inabeba, baba, ndiyo."

Alinieleza tena, na mara ya tatu kwa kuchora mchangani. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyefahamu. Sikufahamu. Hewa nikiishika mkononi hata haizuii nzi, na hapo chini imebeba friji. Na ikiwa inabeba, kwa nini inataka umeme? Nikaacha kuuliza, maana nilimwona anaanza kunitazama tena kwa jicho la Maskati.

Lakini mke wangu alikuwa na swali lake, na lilikuwa zuri kuliko langu. "Kule nyuma, hii nyumba haina miguu?"

Mwanangu akakuna kichwa. Kumbe inayo. Inayo miguu ya nyuma ya kushushwa, na mtu akiisimamisha akae ndani anatakiwa aishushe, asiyategemee mapira. Mapira ni ya barabarani. Yule Mzungu wa Sur alimwambia, naye akasahau.

"Umesahau?" akasema mama yake, taratibu.

"Nimesahau."

"Basi nenda Maskati ukatunzwe."

Mwanangu alicheka mpaka akakaa tena chini. Akashusha miguu ile, ikalia kwa kutu, nyumba ikatulia. Mama yake akaingiza mkate wa pili, ukatoka sawa pande zote, akaushika juu kama anaonyesha mtoto mchanga. Nguo zikatolewa, masanduku mwanangu akayarudisha garini matupu. "Kaeni," akasema, "mpaka paa likwishe. Lakini mniambie. Kila kitu mniambie." Wiki ile ile fundi kutoka sanaiya ya Ibra, kwenye magereji, akaja kubadilisha pira, akaondoka na lile bovu, nami nikaliomba nilishike kwanza. Zito. Tupu, na zito.

Lakini siku ile ile ya ngazi, gari ya mwanangu ilipopotea njia kuu, tukabaki mimi na mke wangu na chai yetu. Nikaona kwa kuwa leo ni siku ya kusema, niseme.

"Mama, nina jengine. Hili si la mapira."

"Sema."

"Juzi nilikwenda Al Kamil, nikasimama mbele ya duka, nikasahau nimefuata nini. Nikasimama mpaka mwenye duka akaniletea kiti. Nikarudi mikono mitupu."

Akaweka kikombe. Nikajua sasa hivi atapiga simu. Akanitazama, akasema, "Ulifuata bomba. Nilikutuma mimi."

"Bomba la nini?"

Akafungua mdomo kunijibu. Akaufunga. Akatazama mitende, akatazama mfereji, akatazama jikoni.

"Ngoja," akasema. "Lilikuwa na kazi yake."

Tukakaa pale tunalifikiria, yeye na mimi, bomba la nini. La maji si la maji, la gesi si la gesi. Jua likapanda, chai ikapoa.

"Mwanao usimwambie," akasema.

"Nani, mimi?"