Kutoka Dukani kwa Miguu

Wakati wa vita tulikimbilia Mbale, kwa dada yangu pale Malukhu, na huko hakuna aliyenenepa. Maji tuliyafuata mbali, muhogo mbali zaidi. Amani iliporudi, mimi na mume wangu tukarudi kwetu Mafubira, tukafungua tena duka letu la vitambaa mjini Jinja. Nikakaa. Nilikaa kitini tangu asubuhi, nikala kama mtu anayelipiza njaa, na wateja wakanisifu: "Mama, amani imekukubali." Nilifurahi, mpaka magoti yalipokataa kusujudu, nikaanza kuswali juu ya kiti kama vikongwe.

Mume wangu ni mtoto wa askari, wa wale ambao babu zao walitoka Sudan. Akasema dawa ni mazoezi. Baada ya swala ya alfajiri akanitoa barabarani kuelekea Bugembe, akanikimbiza huku akiamrisha kwa sauti ya marehemu baba yake: "Kushoto! Kulia! Haraka!" Nilitapika. Kesho yake nilishindwa kushuka kitandani. Nilipopata nafuu tukarudia, na tukaona madirisha ya majirani yakifungwa tunapopita.

Jioni ile akaja jirani yetu, mama wa Kisoga muuza mboga. Alisema polepole, "Bwana, tukisikia Kiswahili kile cha amri alfajiri, tunafikiri askari wa wakati ule wamerudi. Watoto wangu waliingia chini ya kitanda."

Mume wangu aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Sikufikiri." Hakuamrisha tena.

Nilimkaribisha jirani chai. Akaniuliza kwa nini nikimbie, wakati yeye kila siku hurudi kutoka sokoni mjini kwa miguu. "Twende wote," akasema.

Basi nikawa nafunga duka baada ya alasiri, tunaondoka pamoja. Mwanzoni nilifika nusu ya njia, nikapanda teksi, yeye akaendelea. Baadaye teksi nikaiacha kabisa. Pumzi ndiyo iliyotangulia kurudi; uzito haukusogea. Nikaenda zahanati kumwuliza muuguzi kama nirudie mazoezi ya alfajiri.

"Ukifika nyumbani unakula nini?" akauliza.

"Chapati na chai ya maziwa. Nakuwa nimechoka."

Akacheka. "Saa yoyote unayoweza kudumu nayo ni nzuri. Lakini hizo chapati zinakurudishia ulichokiacha njiani."

Nikapunguza. Haikuwa rahisi, maana aliyeonja njaa huogopa sahani ndogo. Lakini polepole gauni langu la gomesi likaanza kunipwaya, na magoti yakakubali mkeka. Mume wangu naye akazoea kuja kutulaki njiani, akipokea kikapu cha jirani bila maneno mengi.

Tulipokwenda Mbale kwa sikukuu, dada yangu alikuwa mnene kunishinda. Tukitoka sokoni alisimama kila baada ya hatua chache, akashika kiuno, akanitazama.

"Wewe umefanyaje?"

"Kesho jua likipoa twende mpaka msikitini, turudi," nikamwambia. "Hapo tu. Ukiweza, keshokutwa tutapita mbele yake kidogo."

Akauliza avae viatu gani.