Maua Mekundu ya Ng'washi

Ng'washi, jirani yangu wa Buhongwa, aliamini maua kuliko watu. Mgunga ukichanua, aliandaa jembe, redio iseme itakavyo. Mbigili ikiwa bado na maua ya njano njiani, hakuanika mazao. Lakini ukimpelekea chumvi, aliionja kwanza mbele yako. Nilikuwa nikimcheka sana.

Miaka ile ya soko huria viwanja vilianza kugombaniwa, na shemeji yake Maige akapata mnunuzi wa shamba la ukoo: Chenge, muuza mitumba wa Mkuyuni. Humo shambani Ng'washi alikuwa amezika watoto wake wawili, wote wachanga. Katika ukoo wao kichanga hawekewi jiwe wala msalaba. Juu yake hupandwa kitunguu cha ua jekundu la mviringo, lile linalochomoza mvua za kwanza kabla ya majani yake. Kiangazi hapaonekani kitu.

"Makaburi yako kule bondeni, nje ya kiwanja," alisema Maige.

"Yako hapa katikati. Na mbona mnunuzi umemleta kiangazi?"

Chenge, mtu wa kanisani, hakutaka kujenga juu ya maiti. Wakakubaliana kusubiri maua.

Mvua zikanyesha. Tulipofika, katikati palikuwa patupu, na bondeni maua yamechanua mekundu kweli kweli. Maige akacheka. Mimi nikaona aibu. Nilidhani uchungu umemchanganya jirani yangu.

"Shikamoo mama," Chenge alisema kwa upole. "Umejionea mwenyewe."

"Marahaba. Subiri kwanza."

Akachuchumaa. Ua lile huzaana chini kwa chini. Likikaa miaka mingi hutoka mengi, yamebanana. Haya yalisimama moja moja, kwa mstari ulionyooka. Maige alikuwa amelima pamba maisha yake yote, na mkono wake haukujua kupanda namna nyingine. Ng'washi akachokonoa udongo kwa vidole. Ulikuwa laini, haujashikana. Nikamwogopa Maige kwa mara ya kwanza.

Ng'washi akasimama, akamtazama Maige usoni.

"Shemeji, maua umeyahamisha. Na wanangu, umewahamisha?"

Chenge alivua kofia, akaniuliza apitie wapi kurudi barabarani bila kukanyaga pale katikati.