Jepkoech Alipokataa Mursik ya Mama

Kama hujawahi kumwona Jepkoech akibishana na dalali wa viazi pale sokoni Olenguruone, basi hujui mtu mkaidi. Ni mke wa kaka yangu Kipruto, nampenda, lakini ana kichwa ngumu kwelikweli. Mbele ya mama yangu tu ndipo alikuwa ananyamaza. Kwetu, bibi ya mtu hakatai mursik kutoka kwa mama mkwe. Ukikataa hayo maziwa ya kibuyu, umemkataa yeye.

Tumbo lilipomfunga Jepkoech tukamkimbiza hospitali Nakuru. Choo hakuna, hewa haitoki, anatapika kijani. Daktari akatueleza kwamba upasuaji wa kumzaa mtoto wake Travis uliacha makovu ndani, na sasa yamenasa utumbo. Kipruto akataka apasuliwe saa hiyo hiyo. Jepkoech akamwambia tumbo ni lake, anyamaze amsikilize daktari. Daktari akasema mara nyingi utumbo hufunguka wenyewe ukipumzishwa, na kila kisu kipya huleta makovu mapya. Kwa hivyo mpira wa puani, maji ya dripu, na mdomoni lisipite hata tone.

"Lakini maumivu yakiacha kuja na kwenda, yakakaa tu," akamwambia Jepkoech, "niite. Hapo hatungoji."

Kesho yake mama akafika na kibuyu chini ya leso. Nikamwambia mgonjwa amekatazwa kula na kunywa. Akanitazama kama mtoto mjinga, akauliza tumbo tupu litafunguka vipi. Akamimina kikombe, akakisogeza mpaka mdomoni.

"Kunywa, Mama Travis."

Jepkoech alikuwa analowa jasho. Akakisukuma kikombe polepole kwa mkono wenye dripu.

"Sinywi, Mama."

"Umenikataa?"

"Nimekataa. Na maumivu hayajaniachilia tangu asubuhi. Chelagat, ita daktari."

Nilikimbia. Daktari akambonyeza tumbo, akapima mapigo ya moyo, akasema ni thieta sasa hivi, apasuliwe. Mama akashika kitanda kwa mikono miwili, akilia kwamba jana si walisema litafunguka lenyewe, basi wangoje, kwanza tuombe. Jepkoech akamwambia aombe akiwa ameachilia kitanda. Wacha niseme ukweli, nilimwonea fahari.

Walikuta makovu yamekaba kipande cha utumbo, bado kiko hai. Daktari alisema tungengoja mpaka usiku kingeoza, na pengine tungempoteza. Mama alisikia yote.

Baada ya hapo hakutoka kando ya kitanda. Daktari alikuwa amesema mgonjwa hatakunywa kitu mpaka ajambe, na mama mzima, mzee wa kanisa, akakaa hapo anangoja mkaza mwana ajambe, kibuyu kimefungwa miguuni. Shangazi Winrose akaja na thamosi ya chai, akaanza kumimina. Mama akasimama, akafunika kikombe kwa kiganja.

"Huyu amekataa mursik yangu," akasema. "Sembuse chai yako?"